Mapipa Matatu, Lori Moja

Katika jengo la chuo ninamofundisha kuna mapipa matatu yaliyopangwa kando ya ngazi, kila moja na rangi yake na kibandiko chake: taka zinazooza, taka zinazoweza kurejelezwa na taka nyinginezo. Yalipoletwa palikuwa na hafla. Hotuba zilitolewa, picha zikapigwa, na wakubwa wakatupa chupa za maji walizokuwa wamezinywa papo hapo ili kutuonyesha jinsi ya kufanya. Tangu siku hiyo nimekuwa mtiifu. Ganda la ndizi hulitia katika pipa la kwanza, karatasi katika la pili, kalamu iliyokwisha wino katika la tatu. Niliwahi hata kumkemea mwanafunzi aliyetupa mfupa wa kuku katika pipa la karatasi, nikamhubiria juu ya wajibu wa raia mbele ya wenzake mpaka akainamisha kichwa.

Jioni moja nilichelewa ofisini nikisahihisha mitihani. Niliposhuka ngazi nilimkuta mama anayetufanyia usafi akimimina mapipa yote matatu katika gunia moja. Nilimwamkia, akaitikia. Kisha nikamuuliza kwa nini anachanganya vitu ambavyo sisi tumejitaabisha kuvitenganisha mchana kutwa. Aliniangalia kama mtu anayemhurumia mgeni aliyepotea njia.

"Mwalimu," alisema, "mapipa ni matatu, lakini lori ni moja."

Sikuwa na la kujibu. Nilimsaidia kushika mdomo wa gunia, nikaenda zangu nyumbani, na tangu jioni ile nimekuwa na hasira ambayo sasa naiandika.

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya. Siipingi sheria inayomlazimisha mkazi na mfanyabiashara wa Nairobi kutenganisha taka zake. Naiunga mkono, na ningependa ikazwe kuliko ilivyo. Ninachokipinga ni tabia ya serikali zetu kutunga wajibu wenye pande tatu, kisha kuudai upande mmoja tu, ule wa asiye na wakili. Tumefundishwa kuwa uchafu wa mji huu unatokana na mwananchi asiye na ustaarabu. Mafundisho hayo ni ya uongo, na watu wazima wenye vyeo wanaoyarudia wanajua kuwa ni ya uongo.

Tuisome sheria yenyewe. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ilitiwa saini Julai 2022. Inazitaka taasisi zote, za umma na za binafsi, zitenganishe taka zisizo hatari katika mafungu mawili, zinazooza na zisizooza, na kuziweka katika vyombo vyenye alama na rangi zinazotambulika. Kaya nazo hazikuachwa nje. Mwezi Aprili 2024, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilitoa amri kwamba taka zinazooza zisitiwe tena katika mifuko ya plastiki ya kawaida, na watu wakapewa siku 90 watafute mifuko inayooza. Hadi hapo kila mtu anaijua sheria, kwa kuwa ndiyo sehemu inayosomwa redioni na kubandikwa ukutani.

Sheria hiyo hiyo ina kurasa nyingine. Inasema wanaotoa huduma ya kuzoa taka wazikusanye na kuzisafirisha zikiwa zimetenganishwa. Inaziagiza serikali za kaunti ziweke vituo vya kukusanyia vitu vinavyoweza kurejelezwa, na zijenge mitambo ya kuchambua na kurejeleza taka pamoja na majaa ya kisasa ya kuzikia mabaki. Inamwekea mzalishaji wajibu unaoendelea hata baada ya bidhaa yake kuuzwa, na kanuni za kuutekeleza wajibu huo zilitolewa mwaka 2024. Kwa hiyo sheria ilipotungwa ilikuwa mkataba wa watu watatu: mimi nitenganishe, kaunti na wazoaji wachukue kilichotenganishwa kikiwa kimetenganishwa, na kiwanda kilipie chupa kilichoiingiza sokoni. Mtu wa kwanza anatishiwa adhabu. Wa pili anapewa muda. Wa tatu anaalikwa kwenye makongamano hotelini.

Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Hapa petu Mnyamwezi ni mama wa Mukuru anayeishi na watoto wanne katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Jiko lipo humo, kitanda kimo humo, mitungi ya maji imo humo. Mwambieni aweke mapipa mangapi, na ayaweke wapi? Na akishayapata, amkabidhi nani? Vijana wa mtaa wanaopita na mkokoteni kila wiki wanachukua kila kitu katika gunia moja, kwa sababu wanakokwenda kumwaga hakuna anayewauliza. Mara nyingi hawana hata pa kumwaga, basi mkokoteni unaishia mtoni. Ikija siku ya msako, atakayekamatwa ni mama huyo au kijana wa mkokoteni. Sijawahi kusikia waziri wa kaunti akipandishwa kizimbani kwa kosa la kukosa lori la pili.

Wala hili si suala la hisani ya kisiasa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti kazi ya kuondoa taka, kuendesha majaa na kusimamia taka ngumu. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Haki hiyo haikuandikiwa sharti la kwanza kuwa na uwanja wa nyuma wa kuweka mapipa. Ilikuwepo miaka 12 kabla ya sheria ya taka, na iliwabana watawala kabla haijatubana sisi.

Sasa tuifuate taka ya chuo changu inakokwenda. Nairobi, mji uliohesabiwa watu wapatao milioni 4.4 katika sensa ya 2019, huzalisha zaidi ya tani 2,000 za taka kila siku. Zile zinazozolewa, nyingi huishia Dandora, katika shimo la machimbo ya zamani lililoanza kutumiwa kama jaa katikati ya miaka ya 1970. Jaa lile lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Wanafunzi wangu wengi wa mwaka wa kwanza hawakuwa wamezaliwa. Tangu lijae, limeendelea kujazwa kila siku, asubuhi na jioni, kando ya Mto Nairobi, pua kwa pua na makazi ya Dandora na Korogocho.

Hakuna anayeweza kusema hakujua. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake makuu Gigiri katika mji huu huu, lilichapisha utafiti uliowapima watoto 328 waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na jaa. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichopita mpaka uliokubalika kimataifa. Risasi hailipui nyumba wala haitoi moshi. Huingia katika ubongo wa mtoto na kumpunguzia uwezo wa kujifunza, na kilichopotea hakirudi. Watoto wale leo ni watu wazima. Baadhi yao huenda ndio wale tunaowaita wavivu na wasio na nidhamu.

Ulitafutwa uwanja mwingine Ruai, na mpango ukakwama kwa hoja kwamba ndege wa angani wanaofuata taka wangehatarisha ndege za abiria zinazotua Embakasi. Hoja ile ilikuwa ya haki. Usalama wa abiria ni jambo zito. Lakini tazameni jinsi ilivyosikilizwa haraka, mkalinganishe na muda ambao damu ya watoto 328 imekuwa ikisubiri kusikilizwa. Julai 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa la Dandora lifungwe na lihamishwe katika muda wa miezi sita. Miezi sita ile ilipita. Malori yangali yanapanda kilima kile, na hakuna aliyelala korokoroni kwa kuidharau amri. Mwananchi akipuuza siku 90 za NEMA ni mhalifu. Serikali ikipuuza miezi sita ya mahakama ni changamoto za utekelezaji.

Mwaka jana tulijadili suala hili darasani. Nilikuwa nimeandika ubaoni hatua za usimamizi wa taka kama zilivyo vitabuni, na hatua ya mwisho nikaandika: kupeleka mabaki mbali na makazi. Mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma, kijana asiyesema sana, aliinua mkono.

"Mwalimu," alisema, "hapo penye neno mbali, ndipo kwetu."

Darasa lilinyamaza. Baadaye alinieleza, bila kunung'unika, kwamba amelelewa na mama anayeokota plastiki na vyuma katika jaa, na kwamba sehemu ya karo yake imetoka humo. Kisha akaniuliza swali ambalo wataalamu wetu hulikwepa: sheria hii ikitekelezwa barabara, kila nyumba ikatenganisha, na kampuni kubwa ikapewa zabuni ya kuchukua chupa zote safi mlangoni, mama yake ataokota nini?

Nalileta swali lake hapa kwa sababu linamhukumu kila mmoja wetu, pamoja na mimi ninayetetea sheria. Maelfu ya watu wanaishi kwa kuchambua tunachokitupa. Kama mji huu unarejeleza chochote, ni kwa mikono yao. Wao ndio waliokuwa idara ya urejelezaji kabla bunge halijalijua neno hilo, na wameifanya kazi hiyo bila glavu, bila bima, bila mshahara, huku tukiwaita chokoraa. Sheria inayowatenga watu hawa kwa jina la usafi itakuwa imehamisha mali kutoka kwa maskini kwenda kwa mwenye zabuni, na itakuwa imefanya hivyo kwa baraka za wanamazingira. Mimi sitakuwa miongoni mwa watakaopiga makofi.

Na jambo hili limewezekana kwingine. Katika mji wa Pune nchini India, waokotaji taka, wengi wao wanawake, waliunda ushirika wao uitwao SWaCH, na mwaka 2008 serikali ya mji ikauingiza katika mkataba wa kukusanya taka mlango kwa mlango. Wale wale waliokuwa wakifukuzwa majalalani wakawa na vitambulisho, wakalipwa ada na kila nyumba, na vitu vinavyouzika vikabaki mali yao. Ushirika ule una matatizo yake na umelazimika kuupigania mkataba wake zaidi ya mara moja. Lakini umethibitisha kuwa anayeijua taka kuliko sisi sote anaweza kuketi mezani.

Najua nitakachojibiwa. Nimeyasikia majibu hayo katika mikutano, na yanafaa kujibiwa moja baada ya jingine.

La kwanza ni kwamba watu wetu hawana utamaduni wa kutenganisha taka, kwa hiyo lazima elimu itangulie. Huu ni wimbo wa wasiotaka kufanya kazi. Bibi yangu hakwenda shule, lakini maganda aliyapeleka kwa mbuzi, majivu akayatia shambani na mkebe akaufanya kikombe. Waliohamia mjini hawakuacha akili kijijini. Waliikuta huduma isiyoheshimu akili hiyo. Mtu akitenganisha kwa miezi mitatu, kisha akaona kwa macho yake kila kitu kikichanganywa langoni, akiacha hatakuwa amekosa elimu. Atakuwa ameelimika.

New York wanalijua hilo. Mji ule uliwalazimisha wakazi wake kutenganisha taka kwa sheria ya 1989. Mwaka 2002, chini ya Meya Michael Bloomberg, ukasitisha kukusanya plastiki na glasi ili kubana matumizi. Plastiki ilirudishwa 2003 na glasi 2004, na kazi ya kuwarudisha watu katika mazoea ikaanza upya, kwa kuwa mazoea ya raia hayawashwi na kuzimwa kama taa. San Francisco, mji wenye sheria kali ya 2009 inayomtaka kila mkazi na kila biashara kutenganisha, ilikuwa tayari imesambaza mapipa matatu na utaratibu wa kuyachukua kabla sheria haijaja. Korea Kusini ilipoanza mwaka 1995 kuwatoza watu kwa kila mfuko wa taka wanaoutoa, vitu vya kurejelezwa vilichukuliwa bila malipo, hivyo aliyetenganisha alibaki na pesa mfukoni. Miaka 10 baadaye, 2005, ikapiga marufuku kuzika mabaki ya chakula moja kwa moja ardhini. Ukiifuatilia miji na nchi hizi utaona mpangilio ule ule: huduma hutangulia, amri hufuata, adhabu huja mwisho. Sisi tumeanza na adhabu, na huduma tumeiweka katika mpango mkakati.

Jibu la pili ni kwamba fedha hazipo. Ukweli ni kwamba fedha zipo, ila zinatafutwa kwa mtu asiyezidaiwa. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipendekeza tozo ya mazingira kwa bidhaa kadhaa, kuanzia vifaa vya kielektroniki hadi nepi za watoto. Vijana waliingia barabarani, wengine hawakurudi nyumbani, na mswada wote ukaondolewa mwezi Juni. Baadhi ya wachambuzi walisema kizazi hiki hakijali mazingira. Hawakuelewa kilichokataliwa. Kilichokataliwa kilikuwa kodi nyingine inayotumbukia katika kapu kubwa la hazina, ambamo hakuna mtu awezaye kuonyesha kwa kidole lori lililonunuliwa kwa shilingi yake. Wajibu wa mzalishaji ni kitu kingine kabisa. Unamtaka anayetengeneza au kuingiza chupa agharimie kuikusanya na kuirejeleza, na hesabu zake zionekane. Ukitekelezwa kwa uaminifu, ndiyo bajeti ya lori la pili.

Halafu kuna mali tunayoifukia kwa mikono yetu. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni vitu vinavyooza. Pitia Marikiti alfajiri malori ya mboga yakishusha mizigo, pitia Muthurwa na Gikomba jioni, utaona milima ya kabichi, maganda ya ndizi na majani ya miwa. Hiyo ni mboji. Mashamba ya Kiambu na Machakos, yanayotulisha, yako saa moja au mbili kutoka hapo, na udongo wake umechoka. Nchi inaagiza mbolea kwa meli kutoka ng'ambo, inailipia ruzuku, inagombana juu ya ubora wake, huku rutuba iliyotoka katika mashamba yale yale ikioza Dandora, ikitoa gesi ya methani na kuwasha moto usiozimika. Anayesema hakuna fedha za kutenganisha taka za sokoni ajibu kwanza tunapata wapi fedha za kutozitenganisha.

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu hutolewa na watu wema: kwamba mambo ya Afrika huenda polepole. Huenda polepole pale ambapo mwenye nguvu ndiye anayetakiwa kusogea. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Walikuwepo waliosema haiwezekani. Wenye viwanda walikwenda mahakamani. Katika muda wa wiki chache mifuko ile ilikuwa imetoweka katika maduka makubwa, na leo miti ya kando ya barabara haivai tena nailoni kama ilivyokuwa. Hatukuwahubiria wananchi kwa miaka 20. Tulifunga bomba kule yanakotoka maji. Sheria ile ina dosari zake, na wachuuzi wadogo waliteseka kuliko wenye viwanda. Hata hivyo, ilituonyesha serikali yetu inaweza kufanya nini ikiamua kushika shina badala ya kupukutisha majani. Rwanda ilikuwa imetutangulia kwa miaka tisa.

Basi nadai nini? Nadai mambo manne, na yote yamo tayari ndani ya sheria au hayahitaji sheria mpya.

Kwanza, adhabu kwa kaya zisitishwe katika kila mtaa ambao hauna huduma ya kuchukua taka zilizotenganishwa. Siku lori la pili litakapoanza kupita kwa ratiba inayojulikana, hapo hesabu ya wajibu wangu ianze, na nikikaidi niadhibiwe bila huruma.

Pili, utekelezaji uanze na wakubwa. Ofisi za serikali, vyuo vikuu, hoteli, maduka makubwa na masoko ya kaunti yana nafasi, yana wafanyakazi, na yana taka nyingi mahali pamoja. Makao makuu ya kaunti yenyewe yawe ya kwanza kukaguliwa, na matokeo yabandikwe mlangoni. Haielekei mkaguzi aende Mathare kabla hajafika City Hall.

Tatu, vibali vya kuzoa taka visitolewe upya kwa kampuni isiyoweza kuonyesha magari au sehemu za magari zinazotenganisha. Kampuni inayochanganya kilichotenganishwa imevunja sheria kwa ushahidi wa macho ya mtaa mzima. Inyang'anywe kibali, na ada ya mwezi ule irudishwe kwa wakazi.

Nne, waokotaji taka waandikishwe katika vyama vya ushirika na wapewe mikataba kabla ya zabuni yoyote kubwa kutangazwa, na jaa la Dandora lifungwe kama mahakama ilivyoamuru, kukiwa na mpango ulioandikwa wa kazi, matibabu na upimaji wa damu kwa watu walioishi kando yake. Kufunga jaa bila mpango huo ni kuwafukuza wagonjwa kutoka katika kidonda chao na kuliita jambo hilo tiba.

Kwa wanafunzi wangu: ulizeni taka za bweni lenu zinakwenda wapi, na msikubali kuonyeshwa pipa mkadhani mmeonyeshwa safari. Lifuateni lori. Andikeni mlichokiona, mkitaja siku na saa.

Kwa wanaharakati: Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinawapa haki ya kudai mikataba ya uzoaji taka, na ofisi husika ina siku 21 za kujibu. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani juu ya haki ya mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe au mtu mwingine amepata hasara. Silaha hizi zipo rafuni. Zitumieni kabla hazijapata kutu.

Na kwenu watumishi wa umma, ambao najua mnasoma blogu hii, wengine mkiwa mmeketi katika ofisi zile zile ninazozilaumu: sidhani kuwa nyote hamjali. Nimewafundisha baadhi yenu. Najua kuna afisa wa mazingira aliyeandika barua tatu za kuomba magari, na barua zote zikafia katika dawati la bosi wake. Endeleeni kuandika. Wekeni nakala. Siku itakuja ambapo mtu ataulizwa ni nani aliyejua na hakutenda, na siku hiyo karatasi yenye tarehe itakuwa na thamani kuliko hotuba.

Mwanafunzi niliyemkemea kwa ajili ya mfupa wa kuku nilimtafuta wiki iliyofuata, nikamwomba radhi. Sikumwomba radhi kwa kumwambia atenganishe taka, kwa maana anapaswa kutenganisha, nami naendelea kutenganisha. Nilimwomba radhi kwa kumtwika peke yake, mbele ya watu, kosa ambalo sehemu yake ndogo tu ilikuwa yake. Alicheka, akaniambia alikuwa ameshasahau.

Mama wa usafi bado anamimina mapipa matatu katika gunia moja kila jioni. Nimemwandikia mkuu wa idara, na mkuu wa idara ameniambia suala langu limepelekwa mbele. Nitaandika tena mwezi ujao, na mwezi utakaofuata, na barua hizo nitazichapisha hapa hapa, moja baada ya nyingine, mpaka nilione lori la pili langoni.